Sufu Kiziwi

Jumatatu, 2 Juni

Leo bakuli la makosa limenunuliwa. Lote!

Nieleze taratibu, maana nikiyasoma haya mwakani nitadhani nilikuwa na homa. Bakuli la makosa ni lile la bati, liko dirishani kwenye chumba cha nyuma cha duka. Humo natupia shanga za sufu zilizoharibika. Karibu zote ni za wifi. Miezi minne sasa tangu kaka yake – yaani mume wangu, shahidi namba moja wa mateso yangu – aniombe nimfundishe kazi, asikae bure nyumbani.

Ushanga wetu ni kitunguu tu. Unashika punje ya sufu, unaizungushia rangi juu ya rangi, maji ya moto, sabuni, unaviringisha kiganjani mpaka ishike. Ikikauka, wembe katikati. Ndani zinatokea duara, rangi ndani ya rangi. Zangu hukaa katikati, sawasawa, utadhani nimezipima kwa rula. Za wifi zimesukumwa upande mmoja zote. Ukiziangalia zinakutazama kwa pembeni, kama mtu anayekusengenya huku anacheka nawe.

Basi kaingia mteja, mama mrefu wa viatu vyekundu. Kalipita kabati la kioo. Kabati LANGU! Miaka sita haijawahi kukaa humo kazi ya mtu mwingine. Kalipita kama anapita ukuta. Kafika mlango wa nyuma kuulizia choo, macho yakaangukia bakuli, kapiga kelele kama kaokota pete.

"Hivi vijicho katengeneza nani?"

Miwani kaja mbio. (Ndiye mwenye duka. Tunamwita hivyo kwa sababu miwani yake inakaa kifuani, machoni haipandi hata kwa dawa.) Kauliza na yeye: nani? Ilibidi niseme. Wifi, nikasema. Sauti ilinitoka nyembamba mpaka nikakohoa kuisaidia.

Chooni hakwenda tena yule mama.

Jumanne, 3 Juni

Vijicho. Neno hilo limenikaa kichwani tangu asubuhi. Yeye anavyo bakuli zima. Mimi ninacho kimoja tu, kiko rohoni, na kinanitosha.

Baada ya chai Miwani katuita. Tarehe kumi na saba wanakuja watu wa ukumbi wa maonyesho, wale wakubwa. Watachukua kazi moja kutoka kwetu, ile watakayoikuta kwenye kabati la kioo. Nikaanza kufunga aproni, maana mambo ya kabati yananihusu mimi, sina haja ya kusikiliza mpaka mwisho. Kumbe Miwani hajamaliza. Safari hii kila mmoja wetu atengeneze kidani kimoja, yeye atachagua.

Kila mmoja wetu! Tuko wawili!

Nikajikaza kisabuni. Mtu anayeshinda na sabuni mkononi miaka yote hii, nitashindwaje? Nikasema wazo zuri sana, meno yote nje. Wifi kainama, kasema yeye atashindanaje na mwalimu wake. Na kasema kwa moyo, ndicho kinachoniudhi. Angekuwa na maringo ningepumzika, ningemchukia vizuri nikalala.

Nyumbani mume wangu kaambiwa. Kafurahi mpaka chai ikamwagikia suruali. Kabati limeingia ukoo mzima, anasema. Nikamwuliza yuko upande gani. Yuko upande wa familia, kanijibu. Haya. Nimezichukua soksi zake za sufu nikazifua kwa maji ya moto na kuzisugua vizuri. Zikitoka za mtoto mchanga asiniulize.

Alhamisi, 5 Juni

Nimefanya jambo la aibu. Naliandika hapa kwa sababu daftari hili linakaa droo ya chini, chini ya mataulo, na mtu wa kufunua mataulo ya chumba hiki ni mimi tu.

Nimejaribu kuukosea ushanga.

Wifi alikuwa kaenda posta kwa ajili ya Miwani. Nikafunga mlango. Nikaviringisha kumi na tatu, najilegeza, naangalia dari, naimba, ili mikono isahau. Nikazikausha haraka juu ya birika, nikakata. Kumi na tatu zote – katikati! Katikati kabisa! Moja nikailazimisha, nikaisukuma kwa kidole. Ikatoka imevimba shavu, kama mtu mwenye jino bovu. Hakuna kijicho hapo, kuna maradhi tu.

Miaka kumi na moja nimeifundisha mikono hii isikosee. Sasa naiomba ikosee, hainisikilizi.

Nimeziingiza zote mfukoni. Bakuli la makosa sithubutu kulitumia tena, mtu asije akazinunua. Au asije akaacha kuzinunua. Sijui kipi kingeniuma zaidi.

Ijumaa, 6 Juni

Soksi zimetoka. Mume wangu kaivaa moja kwenye dole gumba la mguu, kacheka hana mbavu. Hata kumkomoa siwezi.

Halafu, akiwa bado anacheka, kaniambia habari ya kidole cha dada yake. Nilikuwa nimeuliza kijanjaujanja tu, mbona wifi anaviringisha kama anakamua kitu. Kasema dole gumba la kushoto halikunji. Alimbania mlangoni yeye mwenyewe, wakiwa wadogo, wanagombea nani atoke kwanza. Wifi alilia wiki nzima na kwa mama yao hakumsema. Alisema ni upepo.

Kwa hiyo ni kidole! Gumba gumu linakandamiza upande mmoja, rangi zinahama. Ndio ufundi wenyewe huo.

Nimekaa nimeliangalia gumba langu zima, linalokunja vizuri. Nimeona wivu. Nimemwonea mtu wivu wa kidole kibovu! Mungu anisamehe, lakini asinisamehe leo, leo bado naona.

Jumamosi, 7 Juni

Hii nitaiandika fupi.

Nyuma ya rafu kuna gunia la sufu nyekundu. Karatasi ya kiwandani ilishabanduka. Nyekundu hiyo haina mfano, inawaka. Lakini imetiwa dawa ili isisinyae kwenye mashine ya kufulia. Kwa mfuma sweta ni neema. Kwetu sisi ni balaa. Imwagie maji, ipige sabuni, iviringishe mpaka ngozi ikuchubuke, haisikii, haishikani. Mwaka juzi iliniharibia oda nzima ya harusi. Nilikaa kizingitini nikalia, na fundi vibano wa duka la jirani, anayetutengenezea vifungo vya vidani, alinicheka mpaka koleo likamdondoka. Siku hiyo ndiyo niliipa jina. Sufu kiziwi.

Wifi hakuwepo enzi hizo. Sikuwahi kumwambia. Lilikuwa limenitoka akilini, kweli kabisa, mpaka leo saa nne, aliponijia na fungu mkononi.

"Wifi, hii nyekundu naweza kuitumia kwa mboni?"

Mboni, yaani ile punje ya katikati kabisa. Juu yake ataweka sufu nzuri, nyeusi na nyeupe na ya samawati. Ya nje itashika. Ya ndani haitashika, na hakuna atakayejua mpaka siku ya wembe.

Nikasema, "Nyekundu nzuri hiyo."

Basi. Sikusema uongo. Ni nzuri.

Jumapili, 8 Juni

Mama mkwe kapiga simu. Mume wangu kaweka sauti ya nje, tumeizunguka simu kama inatoa joto. Shikamoo mama, marahaba mwanangu. Kampongeza binti yake weee, mpaka nikahesabu vigae vya sakafu. Halafu kanikumbuka.

"Na wewe mwanangu, bado unatengeneza vile viduara vyako?"

Viduara!

Naam mama, nikasema. Bado.

Wifi kachukua simu haraka, kasema mama, si viduara, ile ni kazi ngumu, wewe hujaiona kwa karibu. Kanitetea. Nani alimwomba?

Asubuhi nilikuwa nimeamka nimeamua kumwambia habari ya gunia. Baada ya simu nikaahirisha.

Jumatatu, 9 Juni

Anaviringisha. Ana shanga ishirini na nane. Zimejipanga kwenye taulo, zote zina nyekundu yangu tumboni.

Miwani kamwuliza mbele yangu nani kamwonyesha kupanga rangi namna hiyo. Kasema kila kitu alichonacho kwenye mikono kakipata kwa wifi yake, hata sabuni ya kutumia, hata sufu ya kuchagua. Miwani kanigeukia, kanipa tabasamu lile la kumpa mlezi.

Hata sufu ya kuchagua! Maana yake siku ya wembe, zikimwagika zile mboni, wa kwanza kutazamwa ni mimi. Nilidhani namchimbia yeye, kumbe nasimama humohumo shimoni na koleo langu.

Na bado kinachoniuma si hilo. Kinachoniuma ni kwamba hata shukrani zake zinapendeza. Mimi nilipofundishwa sikumshukuru mtu. Nilisema nimejifunza mwenyewe, na nimelisema miaka mingi mpaka nusu naliamini.

Jumatano, 11 Juni

Zimekauka nje. Ukizibonyeza hujui kitu. Mimi najua.

Tulikuwa wawili tu kwenye beseni, maji yanatoa mvuke. Nikafungua mdomo. Nikasema, "Wifi." Kasema, "Bee." Neno likawa hapa hapa ulimini. Akaingia Miwani, kaushika ushanga mmoja wa wifi, kauzungusha kwenye mwanga, kasema hizi zitatisha. Kidani changu kilikuwa kinaning'inia mbele ya pua yake, shanga thelathini na moja, kutoka nyeusi mpaka nyeupe bila kuruka hatua hata moja, wiki nzima ya maisha yangu. Kakigusa kwa kidole.

"Safi. Kama kawaida yako."

Kama kawaida yako!

"Ulikuwa unasemaje wifi?" kaniuliza baadaye.

Nikamwambia maji yamepoa, aongeze.

Ijumaa, 13 Juni

Imetokea.

Saa tano asubuhi. Miwani kavuta kiti. Wifi kaweka wembe mpya, kafuta mikono mara mbili, kachukua ushanga wa kwanza. Kaniambia nisimame karibu nimwangalie asikate vibaya. Nikasimama karibu.

Kakata. Ushanga ukafunguka vipande viwili, na mboni nyekundu ikachomoka, ikaanguka mezani. Kishungi cha sufu, laini, kama kimetoka guniani sasa hivi. Pale katikati pakabaki tundu.

Kakata wa pili. Tundu. Wa tatu, wa nne. Kila wembe ukipita, kishungi kinaanguka. Hakuacha, kama mtu anayetafuta ufunguo mfukoni na anajua haupo.

Na mimi – niseme ukweli, kama sisemi hapa nitausema wapi? Nilifurahi. Muda wa pumzi moja, nilifurahi sana. Nikajisemea, hivi ndivyo inavyokuwa ukiwa wewe ndiye unayeharibikiwa. Karibu.

Pumzi ya pili ndipo fundi vibano alipoingia na bahasha ya vifungo. Mtu wa watu yule, hawezi kuona kitu mezani asikishike. Kaokota kishungi, kakisugua vidoleni, kacheka.

"Hee! Si ile sufu kiziwi yako hii? Iliyokuliza pale mlangoni mwaka juzi?"

Kisha kaona nyuso zetu, kajifanya anahesabu vifungo.

Wifi hakunitazama. Alikuwa anatazama kile kishungi mkononi mwa fundi. Kasema polepole, kama anajisomea:

"Kumbe ina jina."

Hayo tu. Afadhali angenitukana! Afadhali angenimwagia beseni zima la maji ya sabuni!

Miwani hakusikia hata kimoja. Miwani – naapa – alikuwa kavaa miwani. Ameinua nusu ya ushanga dirishani, mwanga unapita kwenye lile tundu lililokaa upande, na duara za rangi zimelizunguka. Kasema mtu asiguse. Kasema asizibe mtu. Kamwita fundi, kamwambia lete waya wa shaba, weka tone dogo humu ndani, lining'inie. Fundi, kwa furaha ya kupata pa kujificha, kakimbia kuuleta. Akaweka tone la kwanza. Akautikisa ushanga.

Jicho likageuka.

Likatutazama mmoja mmoja, kweli. Miwani kapiga makofi. Mimi nikakaa chini.

Yaani nimemharibia kazi, na uharibifu wangu umempendeza! Kosa lake zuri, na kosa langu ndani ya kosa lake zuri zaidi. Na wakati nafikiri hivyo, mkono wa wifi unaendelea kukata, taratibu sasa.

Jumamosi, 14 Juni

Haniiti tena wifi.

Kaniwekea chai asubuhi mezani, sukari yangu kama ninavyopenda. "Chai, mwalimu." Nikasubiri acheke. Hakucheka. Mchana: mwalimu, taulo hili hapa. Mwalimu, unapita?

Mume wangu kaona ni utani mtamu, kaudaka. Sasa nyumba nzima ni mwalimu huyu. Mwalimu, soksi zangu nyingine ziko wapi? Kila akilisema, wifi anainua macho kidogo na kuyashusha. Hajamwambia. Najua hajamwambia, maana kaka yake hawezi kuficha kitu usoni hata dakika tano.

Najua na kwa nini. Huyu ni mtu aliyesema ni upepo.

Nilimfuata uani alipokuwa anaanika. Nikasema lile gunia lilikuwa limenitoka akilini. Kabana nguo kibanio kimoja, kabana cha pili.

"Limekutoka akilini kabla sijakuuliza, mwalimu, au baada?"

Nikajifanya nimeitwa ndani.

Jumatatu, 16 Juni

Saa mbili asubuhi Miwani kachagua. Sikuhitaji kuambiwa. Nilikuta kidani changu kimetolewa kwenye kabati, kimelazwa kwenye boksi lake, kimefunikwa kwa karatasi laini kwa heshima zote, kama wanavyofunikwa wafu. Chake kiko ndani ya kioo. Vipande hamsini na sita. Ukipita na sakafu ikatikisika, vyote vinakugeukia. Mimi nimepita mara nne.

Kidani kinaitwa Vijicho. Miwani kaona ni jina la kuchekesha, watu watalipenda. Kila mtu analipenda.

Imebaki kadi. Kadi za kabati naziandika mimi, miaka sita, kwa mwandiko ambao Miwani huwaambia wageni ni wa mashine. Kanipa maelezo: jina la kidani, kimetengenezwa kwa vitu gani, nani katengeneza. Halafu kasita. Kauliza ile sufu iliyotoka na kuacha tundu inaitwaje, wageni watauliza, ni ufundi mpya huo.

Wifi kajibu kutoka kwenye beseni, mgongo umetugeukia.

"Muulize mwalimu. Yeye ndiye aliyeipa jina."

Miwani kafurahi. Basi ongeza mstari wa chini, kaniambia, uandike nani kamfundisha, mtajwe wote wawili, mpendeze. Katoka kwenda kupokea maua.

Nimekaa mezani. Nimeandika: Vijicho. Nikaandika: Kidani cha sufu na waya wa shaba. Nikaandika jina lake kamili, na nimeliandika vizuri kuliko nilivyowahi kuliandika langu, mkono hauwezi kukosea, ndio maradhi yake. Chini yake nikaandika: Kafundishwa na. Kalamu ikasimama hapo kidogo. Kisha nikaweka na jina langu. Nililitaka kabatini, jamani. Hata kwa mlango wa nyuma, nililitaka.

Wifi kakaa mbele yangu. Lile gunia jekundu kaliburuta mwenyewe kutoka nyuma ya rafu, liko katikati ya miguu yake. Anajibandua sabuni iliyokauka kwenye gumba lile lisilokunja. Kaniambia jina la sufu nisiliandike kwenye kadi, si la wageni. Kaniambia hatamwambia Miwani, na kaka yake hatamwambia. Anataka nimjibu yeye tu, kwa mdomo, neno moja.

"Siku ile nilipokuja na fungu mkononi, wifi. Ulijua?"

Kasema wifi. Mara ya kwanza tangu Ijumaa.

Nimemwambia asubiri, namalizia kuandika. Kasema sawa, atasubiri. Ananitazama, na si kwa pembeni.

Anadhani bado naandika kadi. Kadi imekauka wino tangu saa tatu. Daftari la chini ya mataulo leo nilikuja nalo mkobani, nimelitoa mbele ya macho yake, na hapa naandika tu ili nisiinue kichwa.